Begi la Mama Funguo

Barua ilikuwa na mistari sita tu, lakini Mama Funguo aliisoma kwa muda ambao mtu mwingine angemaliza gazeti zima, kuanzia siasa hadi michezo. Ilisema kwamba kuanzia mwezi uliofuata yeye si mhudumu wa ofisi tena. Ni Afisa Kumbukumbu. Angekabidhiwa laptopu ya kazi, na angekuwa anatembelea matawi tisa ya idara kukagua masjala, yaani vile vyumba vya kutunzia majalada, aone kama kila jalada liko mahali pake.

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Jina la Mama Funguo alilipata kazini, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyefika wa kwanza kufungua milango, na shada la funguo kiunoni lilimtangaza kabla hajaonekana. Akishafungua alifagia, akachemsha chai, akapanga magazeti, kisha akasimama kwenye ngazi za mbele kumsubiri mkurugenzi. Gari likisimama tu, mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani kuchukua begi. Ghorofa tatu, ngazi hamsini na nne. Lifti ilikuwa ikiahidiwa kila mwaka.

Wakurugenzi watano walipita katika ofisi ile, na wote watano aliwabebea mabegi. Wenzake waliwakumbuka wakubwa kwa hotuba zao; yeye aliwakumbuka kwa vishikio. Wa kwanza alikuwa na brifukesi ngumu ya kufunga kwa namba, nzuri kweli, ila siku ya kikao kikubwa mwenyewe alizisahau namba, na wajumbe wakakaa nusu saa wakiitazama pale mezani kama watu wanaosubiri yai lianguliwe. Mama Funguo ndiye aliyeifungua, kwa kusukuma misumari ya bawaba kwa pini ya nywele. Wa pili alikuwa na begi la magurudumu lililopanda ngazi kwa kurukaruka kama mbuzi mkaidi, hadi gurudumu moja likabaki njiani. Wa tatu alipenda begi la kung'aa aliloambiwa ni ngozi halisi. Miezi minne haikuisha, likaanza kubanduka magamba na kumwachia vipande vyeusi kwenye suti.

Wa nne ndiye aliyemfundisha kuliko wote. Siku moja kishikio cha begi lake kilichomoka katikati ya ngazi, na karatasi za bajeti zikatapakaa hadi miguuni pa mlinzi wa mlangoni.

"Hata begi huna akili ya kulishika?" mkurugenzi yule alimfokea mbele ya watu.

Mama Funguo alipiga magoti, akaziokota karatasi moja moja. Alipokuwa pale chini alikitazama kile kishikio. Kilikuwa kimeshikizwa kwa mshono mmoja tu, juu juu, kwenye kitambaa kisicho na kitu chochote nyuma yake. Si mkono wangu, alijiambia. Ni mshono. Alirudisha karatasi zikiwa zimepangwa ukurasa kwa ukurasa, kazi ambayo mkurugenzi hakuiona lakini karani wa masjala aliiona. "Wewe mama," karani alimwambia siku hiyo hiyo, "mbona husomei hii kazi?"

Ndivyo alivyoanza. Miaka mitatu alisomea cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, akila chakula cha mchana huku daftari limeegemezwa kwenye birika. Mtihani wa mwisho alianguka mara ya kwanza, akalia siku moja, akarudi. Mara ya pili aliupasua. Na katika muda wote huo hakuna begi lililopita mkononi mwake bila kupinduliwa na kuchunguzwa, kwa namna ambayo wengine hukagua nyanya.

Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Aliposomewa barua alizima mashine, akavua ile miwani yake nyeusi, akawageukia wateja wawili waliokuwa wakisubiri bawaba zao. "Jamani, nipeni dakika tano," alisema. "Mke wangu amekuwa afisa." Dakika tano zikawa saa nzima, na wateja wenyewe ndio waliokwenda kununua soda.

Ilibaki kitu kimoja. Laptopu aliyokabidhiwa ilikuja ndani ya boksi, na boksi halibebwi kwenda matawi tisa. Basi Jumamosi Mama Funguo alivaa viatu vya kutembelea na kwenda mtaa wa maduka, akifuatana na binti yake, msusi, ambaye yeye alikuwa ameshachagua kichwani kabla hawajatoka nyumbani.

"Mama, wewe sasa ni mtu mkubwa," binti alisema njiani. "Watu wataliangalia begi kabla hawajakuangalia usoni. Chukua kitu cha heshima. Chembamba, cha kung'aa, chenye kile kidhahabu hapa mbele."

"Kidhahabu kitabeba laptopu?"

"Mama!"

"Nauliza tu, mwanangu."

Duka la kwanza lilikuwa na vioo na taa nyingi. Muuzaji, mwanamume wa tai na tabasamu lisilokatika, alimletea begi jeusi, laini, lenye kidhahabu pale pale binti alipotaka. Binti akashika kifua kwa raha. Mama Funguo alilipokea, akalifungua, akalipindua nje ndani. Akavuta bitana, kile kitambaa cha ndani. Akaendesha zipu mara kumi kwenda na kurudi, akisikiliza kama daktari. Akaingiza kidole chini ya kishikio kupapasa mshono.

"Mama," muuzaji alicheka, "unanunua begi au unamkagua mkwe?"

"Mkwe ningemwambia avue na viatu. Mwanangu, una chupa za maji?"

Zilikuwapo, zile kubwa, kwenye friji ya muuzaji. Mama Funguo akaomba sita.

"Nitalipakia kama nitakavyolipakia siku ya kazi," alisema. "Laptopu, chaja, madaftari, mwavuli, chakula changu. Kishikio kikiachia, ni juu yangu au juu yako?"

"Juu yangu! Hili haliachii, mama. Hili wanabeba mameneja."

Alilinyanyua, akaanza kutembea nalo humo humo dukani kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi: hatua, mtikisiko, hatua, mtikisiko. Alikuwa hajafika kwenye kioo cha mbali mshono ulipolia *trrr* na kishikio kikafumuka upande mmoja. Wateja wawili waliokuwa kwenye foleni waliyatazama mabegi yao, wakayarudisha rafuni polepole. Tabasamu la muuzaji lilikatika.

"Pole," Mama Funguo alimwambia, na alikuwa anamaanisha. "Mwambie anayekuletea, waweke kipande cha ngozi nyuma ya mshono. Si gharama."

Maduka manne yaliyofuata hayakuwa na jipya. Hapa zipu ya meno laini yanayoachana, kule mkanda uliotundikwa kwenye pete ya plastiki, pengine gundi iliyojifanya uzi. Binti alikuwa ameanza kuchechemea kwa viatu vyake vya kisigino. "Mama, kwani begi lina nini? Chukua lolote, likiharibika tutanunua jingine."

Mama Funguo alisimama. "Likiharibika litaharibikia wapi? Nyumbani? Litaharibikia mbele ya watu, mwanangu. Nao hawatasema begi bovu. Watasema, mnamwona yule, si alikuwa mfagiaji?"

Binti alivua viatu, akavishika mkononi, akamfuata.

Nyuma ya maduka ya vitambaa kulikuwa na ujia mwembamba, na mwisho wa ujia kibanda cha fundi mabegi. Mwanamume mrefu, mwembamba, mchache wa maneno, ambaye majirani walimwita Sindano. Mbele yake palikuwa na cherehani nzito ya kushonea ngozi, na ukutani, katikati ya mabegi ya watu yaliyoletwa kutengenezwa, lilining'inia moja la turubai, rangi ya majani makavu. Halikuwa na urembo wowote.

"Lile la nani?" Mama Funguo aliuliza.

"La kuuza. Lina miezi minane hapo. Watu wanasema linafanana na gunia."

Mama Funguo alilishusha. Akalipindua. Akaifuata mikanda kwa kidole, polepole, hata binti akasogea kuona mama kapatwa na nini. Mikanda ya vishikio haikuishia juu ya begi. Iliteremka ubavuni, ikapita chini ya kitako, ikapanda upande wa pili, kipande kimoja kisichokatwa, kwa hiyo uzito wote ulikalia mkanda wenyewe. Palipokutana vitu viwili alikuta msalaba wa uzi ndani ya kisanduku cha uzi. Zipu ilikuwa ya chuma, ya meno makubwa. Bitana ilikuwa ya njano, ili kalamu au ufunguo ulioanguka ndani uonekane mara moja.

"Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Wewe ni fundi," alisema Mama Funguo, na Sindano akainama kutafuta mkasi ambao haukuwa umepotea.

Chupa sita za maji, zilizoazimwa duka la jirani, hazikulifanya lolote. Nane hazikulifanya lolote. Binti, ambaye sasa naye alikuwa ameingia kwenye mchezo, alilinyanyua na kulirusharusha, na begi lilitulia kama halijui linafanywa nini. Kisha Mama Funguo akaingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko, akaguna.

"Hapa umekosea."

Sindano aliinua kichwa.

"Mfuko wa laptopu umegusa kitako. Nikifika juu nimechoka, nikalitua begi kwa kishindo, kinachopiga sakafu kwanza ni laptopu. Upandishe vidole vitatu. Laptopu ining'inie, isikalie."

Fundi alilichukua, akaingiza mkono wake mwenyewe, akakaa hivyo akiwaza. Halafu akakata kipande cha turubai na kipande cha sponji, akafumua, akaanza kushona upya. Walisubiri. Kazi ilipokwisha alichukua kigae cha sakafu kilichokuwa chini ya cherehani, chembamba, akakitia kwenye mfuko ule, akaliachia begi kutoka urefu wa goti. Akakitoa kigae. Kizima.

"Mama yangu amemfundisha fundi kazi," binti alisema kwa kicheko.

"Kazi naijua," Sindano alijibu. "Amenifundisha ngazi."

Jumatatu Mama Funguo alifika mapema kama kawaida yake, ingawa funguo alikuwa ameshazikabidhi. Begi lilikuwa begani, na ndani yake laptopu, daftari jipya na barua yake ndani ya bahasha. Mlinzi alimpigia saluti ya mzaha, kisha akaona uso wake, akaipiga tena, safari hii sawasawa.

Sasa mazoea ni kitu kibaya. Gari la mkurugenzi lilipoingia, miguu ya Mama Funguo ilimpeleka yenyewe hadi mlangoni. Mkurugenzi huyu wa tano alikuwa mwanamke, si mtu mbaya, ila mwenye simu sikioni tangu asubuhi. Alishuka akiongea, akanyoosha mkono wenye begi bila kutazama, na mkono wa Mama Funguo ukalipokea bila kumuuliza mwenyewe. Wakaanza kupanda, mkurugenzi mbele, yeye nyuma na mabegi mawili.

Ghorofa ya kwanza ilipita. Kwenye kona ya ghorofa ya pili Mama Funguo alisimama. Alisubiri hadi simu ikakatwa.

"Mheshimiwa," alisema, "samahani. Naomba ulishike begi lako. Mimi leo nimebeba langu."

Makarani waliokuwa wakipanda nyuma yao waliganda ngazini. Mkurugenzi aligeuka. Aliangalia begi lake mwenyewe, akaliangalia lile la turubai, kisha, labda kwa mara ya kwanza tangu ahamie ofisi ile, akamwangalia Mama Funguo usoni kwa muda wa kutosha. Barua ile aliitia saini yeye.

"Eh," alisema. "Nisamehe, dada yangu. Nimekupa kwa mazoea."

"Na mimi nimepokea kwa mazoea, mheshimiwa. Yetu sote."

Mkurugenzi alicheka, akalichukua begi lake, na baada ya ngazi chache akalihamishia mkono wa pili. "Kumbe lina uzito namna hii?"

"Miaka yote."

Walipofika juu mkurugenzi alikuwa anahema. Aliomba kuliona lile la turubai, akalipindua kidogo, akauliza limeshonwa wapi. Mama Funguo alimwelekeza hadi kwenye ujia. Mwezi haukuisha, Sindano alikuwa na oda za maafisa wanne wa idara ile, na kila mmoja alitaka mfuko wa laptopu uliopandishwa vidole vitatu.

Wiki ya pili Mama Funguo alisafiri kwenda tawi lake la kwanza. Aliwakuta wahudumu watatu wa masjala wamejipanga mlangoni wakiwa na wasiwasi, maana ukaguzi ni ukaguzi. Aliwasalimia mmoja mmoja, akaomba meza karibu na dirisha, akafungua laptopu. Kufikia saa kumi alikuwa amewaonyesha majalada sabini na tatu yaliyolala kwenye herufi zisizo zao, na jalada moja la mstaafu lililotafutwa mwaka mzima, limedondokea nyuma ya kabati. Mmoja wao, mama wa makamo, alimuuliza kwa sauti ya chini amesomea wapi haya. Mama Funguo alimwandikia jina la chuo kwenye kikaratasi.

Kabla ya kuondoka aliletewa kitabu cha wageni. Palikuwa na chumba cha jina, chumba cha atokako, na chumba cha cheo, kidogo mno, watu wengi waliotangulia wakiwa wameandika vifupisho. Mama Funguo aliweka begi chini, akashika kalamu. Kwenye cheo aliandika neno la kwanza lote, herufi kwa herufi. La pili lilivuka mstari, likaingia katika chumba cha saini, na yeye akaliacha liende.