Bomba la Msikiti Nililolivika Magunia

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, anayeyapa maji umbo alitakalo.

Enzi za mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza nilimpikia fundi bomba mmoja wa Kizungu, Nachingwea. Siku moja alinitilia barafu kiganjani. Nikaduwaa, maana yalikuwa maji, nayo yalikuwa jiwe, tena yakiunguza. Akaniambia kwao, majira ya baridi, maji huganda hivyo ndani ya mabomba na kuyapasua, basi huyavika magunia na kuacha maji yachuruzike.

Kipupwe kilipoingia nikalihofia bomba la msikiti wetu wa Ruponda, wenye tangi moja tu la kutawadhia. Alhamisi jioni nikalivika bomba lake magunia, nikafungulia maji kidogo, nikaenda zangu nikimshukuru Mungu.

Ijumaa adhuhuri waumini wakakuta tangi tupu na uwanja mzima tope.

"Nani amelivalisha bomba koti?" akauliza imamu.

"Mimi, Shehe. Nilihofia maji yasije yakawa jiwe."

Akanitazama kwa upole. "Maji umeyamaliza, bwana. Na vumbi la kutayamamia maji yakikosekana, nalo umelilowesha."

Msomaji wangu, Mungu akuzidishie elimu, na akusitiri mbele za watu.