Filimbi Iliyosubiri Nyama

Mimi nimeona bunduki ikishindwa na nyama ya kuchoma! Miaka ile ya vita vya shifta, hapa Garissa, filimbi ya kafyu ikilia jioni, mioto yote ya nje ilizimwa. Aliyekaidi alilala korokoroni. Lakini jirani yangu, jua likiwa limeshainama, akatandika minofu minene ya ngamia juu ya wavu wa chuma uani. Chwaaa! Mafuta yakadondokea makaa, harufu ikatutoa sote majumbani.

Mara askari akatokea langoni. "Mama, zima moto, wakati umefika!"

Tukaganda. Jirani hakuinua hata macho. "Mgeni nakuta nyama kwa moto, nakula kwanza. Hapana ondoka hivi hivi, wallahi."

Askari akanusa. Jirani aliponyoosha mkono kugeuza, askari akaropoka: "Bado, mama! Iache ishike rangi!"

Akaegemeza bunduki ukutani, akageuza mwenyewe, akala, akalamba vidole.

Jioni ile mji mzima ulishangaa kafyu kuchelewa. Sisi hatukushangaa. Filimbi ilikuwa shingoni mwa askari yule, na mdomo ulikuwa na kazi nyingine.