Siku Niliyovua Bangili

Ami yangu, ndugu wa baba, hakuwa mtu wa makelele. Natanguliza hili kwa sababu watu wakisikia habari za mume anayepiga mke, humfikiria mlevi anayetukana njia nzima. Ami hakunywa. Alikuwa karani wa ghala bandarini, akiondoka Likoni kwa feri ya asubuhi na kurudi jioni na mkate wa boflo kwapani. Mimi nilikuwa nimefiwa na mama na nikilelewa na bibi katika nyumba hiyohiyo ya ami. Ami alinikatia kipande sawasawa na cha binti yake, wala hakuniita ila "mwanangu".

Lakini zilikuwako siku. Chakula kimechelewa, au shati halikupigwa pasi vizuri. Basi ami alivua saa yake ya mkononi, akaitia ufunguo, akaiweka mezani polepole, kama mtu anayetaka kutawadha. Kisha akafunga mlango. Bibi, kule uani, alichukua mchi akaanza kutwanga. Siku nyingi nilidhani ni mpunga. Mara moja nikachungulia kinuni, nikaona hamna kitu. Bibi alinitazama, akaendelea kutwanga.

Mlango wa ami ulikuwa na ufa wa upana wa kidole, nami nilikuwa nikichungulia. Sikupenda nilichokiona, na sikuweza kuacha. Binti ami alibaki barazani akichora chini kwa kijiti. Alikuwa na miaka saba, mimi tisa. Hatukuwahi kuzungumza jambo hilo. Baadaye mama mdogo, mkewe ami, alitoka amejitanda kanga hadi usoni, akatuuliza kama tumekula.

Mwaka mmoja au miwili kabla ya uhuru, gari la sinema la serikali lilikuja uwanjani, watu wakatandaziwa shuka jeupe baina ya miti miwili. Tukaonyeshwa kwanza mbu na maji machafu. Halafu ikaja picha ya wanaume wenye kofia pana wakipigana ngumi. Mmoja alipigwa hata akapaa juu ya meza, akaanguka, akainuka, akaipangusa kofia yake. Uwanja mzima ulicheka. Bibi alicheka hata akajifuta machozi. Niligeuka nikamwona ami naye anacheka, binti yake kampakata begani.

Juma zima tulicheza sinema chini ya mikorosho nyuma ya nyumba. Tulipigana, tukaanguka, tukainuka. Siku moja wasichana wakachoka, wakataka mchezo wa nyumba. Mimi nikawa mume kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko wote, na binti ami akawa mke. Alinipikia mchanga kwenye kifuu. Nikarudi kutoka kazini, nikasema chakula kimechelewa.

Sikupanga. Nilivua bangili zangu mbili za kioo, nikaziweka juu ya jiwe, polepole.

Binti ami aliziona zikiwekwa, akaacha kucheka. Hakuna aliyemwambia la kufanya. Aliketi chini mwenyewe, akainamisha kichwa, akajifunika kile kipande cha kanga alichojifunga, akasema kwa sauti isiyokuwa yake, "Nimekoma, bwana."

Wenzetu walicheka. Nikaokota upongoo, ule mti mgumu wa katikati ya kuti la mnazi, nikampiga mgongoni. Naona haya kuandika kwamba nilijiona mkubwa. Nikampiga tena, ukamwingia sikioni.

Aliangukia ubavu. Nikasimama nikimngoja ainuke na kujipangusa, kama yule wa kwenye shuka. Hakuinuka. Uzi mwembamba wa damu ulimtoka sikioni ukashuka shingoni.

Ami alimbeba mbio hadi zahanati. Kidonda kilipona, lakini sikio lile halikusikia tena.

Kesho yake ami aliniita. Niliitika abee, nikaingia chumbani mwake. Nilikuwa nikiingoja ile saa ivuliwe. Hakuivua. Aliniuliza kwa upole, "Nani kakufunza kupiga vile, mwanangu?"

Nikamtazama, naye akanitazama. Nadhani alilijua jibu, na akaniomba kwa macho nisilitaje.

"Sinema," nikasema.

Alishusha pumzi. Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema yeye aliyajua hayo tangu mwanzo. Tukapigwa marufuku kwenda uwanjani, na majirani nao wakawakataza watoto wao. Watu wazima walizungumza siku nyingi juu ya ubaya wa picha zile. Lile la nyuma ya mlango halikutajwa.

Ila mama mdogo aliniita kisimani asubuhi moja, tukiwa wawili tu. Hakunigombeza. Alitaka nimweleze kile binti yake alichofanya kabla sijampiga. Nikamweleza alivyoketi, alivyoinama, alivyojifunika. Nikamwambia na yale maneno. Akanitaka niyarudie.

Aliushika ukingo wa kisima. "Nilikuwa nikidhani mtoto hasikii," akasema.

Hazikupita siku nyingi akafunga kitita cha nguo, akamshika mwanawe mkono, wakavuka feri kwenda kwa jamaa zake Junda, upande wa Kisauni. Ami alimfuata mara mbili, akarudi peke yake. Uhuru ulipokuja, Likoni ilijaa ngoma na bendera, naye alishinda ndani. Baadaye alioa mke mwingine. Mlango ule ulikuwa umetiwa ubao mpya, hauna ufa. Bibi alikuwa mzee sana, lakini zilikuwako siku nilimwona akiutafuta mchi.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Junda kumwomba binti ami radhi. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Alinikaribisha chai, akaketi akinigeuzia sikio zima. Mama mdogo, sasa mvi tupu, alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele. Kabla sijaanza, mtoto wa binti ami akauliza kwa nini mamake hasikii upande ule.

"Nilianguka mkoroshoni, kule Likoni, nilipokuwa mdogo," binti ami akamjibu, tena kwa kucheka. "Muulize mama yako mkubwa huyu, alikuwapo."

Mtoto akanigeukia. Mama mdogo hakuinua macho kwenye ungo, ila vidole vyake viliacha kuchambua.

"Ndiyo," nikasema. "Alianguka."

Mtoto akataka kujua mti wenyewe ulikuwa na urefu gani. Nikainua mkono nikamwonyesha.