Nani Aliandika Kwamba Nimekufa

Nilikuwa natunza faili za kompyuta katika ofisi moja ya Bunia iliyosaidia familia zilizokimbia vita vya Djugu kutafutana. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuweka kile tulichokiita istoriki: kila mtu akibadilisha neno katika faili, mashine ilihifadhi neno la zamani, neno jipya, tarehe, na jina la aliyebadilisha. Wenzangu walisema nawapeleleza. Niliwajibu kwamba hata mimi nimo ndani, na hakuna awezaye kuifuta.

Asubuhi moja ya mvua waliingia mume na mke. Mke alikuwa akiishi kambini, hapa mjini. Mume alikuwa ametoka Bambu, alikojificha muda mrefu. Walitaka aandikwe kambini pamoja na familia yake, wakaambiwa huko kwamba haiwezekani, kwa kuwa faili yetu inasema yeye ni marehemu.

"Mama, angaria muzuri," aliniambia bila hasira. "Miye ndiye huyu. Siyakufa."

Nilifungua faili yake. Mwanzo alikuwa "anatafutwa", halafu "amefariki". Nikaandika "yuko hai". Lakini mke aliona kwamba lile neno la katikati bado linasomeka kwenye istoriki.

"Futa ile, mama. Sitaki ibakie pa jina yake."

"Haifutiki," nilisema. "Niliitengeneza hivyo."

Nikageuza skrini ili wote wawili waione.

"Nani aliandika asema nilikufa?" mume akauliza.

Jina lilikuwepo: mwenzangu wa chumba cha jirani. Nilimwita. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, akidhani namtafutia makosa. Istoriki haikusema kwa nini alibadilisha. Ila alipoiona tarehe, alikumbuka kwamba siku hiyo alikuwa Tchomia, akiandika watu waliokimbilia ziwani.

"Ni mukubwa yake alinielezea," alisema, akimaanisha kaka mkubwa wa yule mume. "Alilia sana. Aliona maiti iko na koti ya huyu, pa njia ya Iga Barrière."

Mume alishika ukingo wa meza. "Mukubwa yangu? Siye tulimulilia yeye. Tulijua ya kwamba yeye alikufa wa kwanza."

Mke alikaa sakafuni, ingawa kiti kilikuwepo. Baadaye mume alieleza kwamba lile koti alikuwa amempa rafiki yake siku walipotawanyika.

Tchomia tulikuwa na mtu wetu. Nilimpigia simu, akaulizia kwa wakaushaji wa samaki, na wiki hiyohiyo akampata kaka. Ndugu hao wawili waliongea kwa simu yangu. Siku hiyo pia mvua ilinyesha; nilimwachia mume chumba, nikangoja barazani mpaka ikakatika.

Kisha nilimwomba mume jina la yule rafiki, nikamfungulia faili. Hakuna aliyekuwa amekuja kumuulizia. Kwenye istoriki niliongeza nafasi ya kuandika sababu, na nani aliyeleta habari. Wenzangu hunung'unika kwamba inachelewesha kazi, na ni kweli, inachelewesha.