Mwenye Kanzu Mbili

Jumamosi ile jumuiya ya mtaa wetu wa Mjimwema ilisali kwetu, na somo lilimtaka mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Wageni walipoondoka, nilimkumbusha mume wangu kwamba makoti yake yamejaza kabati, na baridi ya Juni inatesa watu. Alijibu, kwa sauti ya kuvuka uzio, kwamba Maandiko yamesema kanzu, si koti, na yeye Mkatoliki hana kanzu hata moja. Mtu anayeijua Biblia kiasi hicho hubishani naye. Jioni jirani yetu Mwislamu, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, alipiga hodi akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi.

“Jirani,” alimwambia mume wangu, “nimesikia huna. Mimi ninazo mbili.”