Ndege wa Bombani

Baba yangu alikuwa fundi saa hapa Buyenzi, na ndege alinifundisha kama alivyonifundisha skrubu: kwanza ukubwa, rangi baadaye. "Rangi inadanganya," alikuwa akisema. "Jua likiwa kali kila ndege ni mweusi." Tulianza na shomoro kwa kuwa shomoro yuko kila ua. Ndege akitua, swali la kwanza lilikuwa hilo tu: amelingana na shomoro au hakulingana? Mdogo kumshinda, mdomo umepinda kama sindano ya magunia, huyo ni chozi, amefuata maua ya mpapai. Mkubwa kumshinda, anatembea huku anaitikia kwa kichwa, njiwa. Ukimpita njiwa ukakuta mweusi mwenye kizibao cheupe ni kunguru, kaficha sabuni yako upesi. Na akimzidi hata kunguru, mkia umegawanyika mwishoni, kimbilia vifaranga kwanza. Jina utalitaja ukirudi.

Kati ya wote alimpenda inyamanza, yule mweusi na mweupe, mrefu kidogo kuliko shomoro, ambaye huja bombani kunywa maji yanayodondoka na kutikisa mkia muda wote. Kwetu hapigwi jiwe. Hata watukutu wa mtaa wetu, ambao hawakumwacha salama paka wala taa, walimwacha apite.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipojua kwamba baba haoni. Alikuwa amekaa barazani akasema, "Muangalie inyamanza pale bombani, anatikisa mukia." Nikatazama. Bombani hapakuwa na kitu. Nikajibu, "Ndiyo, baba."

Nilidhani kuitikia ni adabu. Mtoto wa nyumba yetu hakumwambia baba yake kwamba amekosea. Nikaendelea kuitikia hivyo mwaka mzima na zaidi, ndege wawepo wasiwepo, mpaka siku mama alipomkuta amekaa na saa ya mteja mkononi, anaipapasa kwa vidole. Daktari akasema ni presha ya macho. Inakula kuona kimyakimya, bila maumivu, na iliyokwisha kula hairudi. Ingewahiwa, ingezuiwa. Akaongeza kwamba inatembea ndani ya ukoo, watoto nao wachunguzwe.

Sikuchunguzwa. Niliogopa, basi, hakuna sababu nyingine ya maana. Nikaolewa, nikazaa, nikawa fundi cherehani, na badala ya daktari nikajitungia kipimo changu. Kila asubuhi kabla ya kufunua cherehani nilisimama mlangoni, nikaziba jicho la kulia kwa kiganja, nikawataja ndege wa uani kwa sauti. Kisha la kushoto. Nikiwataja wote nilishusha pumzi na kumshukuru Mungu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo nimewatwanga nayo majirani wangapi, na huku langu nimelikalia.

Dalili zilikuja, nikazipa majina mengine. Sindano alikuwa akinitungia uzi binti yangu, nikasema sindano za siku hizi zina matundu ya kubania. Mama mmoja wa Kinindo alinirudishia gauni: pindo nusu uzi mweusi, nusu wa buluu. Nikalaumu umeme. Alipoondoka nilikaa na lile gauni mapajani, nikamwona baba na saa yake.

Kesho yake binti yangu, ambaye anasoma chuo kikuu na ana mdomo kama wangu, alikuja akasimama kando yangu mlangoni.

"Mama, leo mi ndiyo nitauliza."

"Uliza."

"Kwenye mupapai?"

"Chozi."

"Ukutani?"

"Shomoro. Wawili."

"Na pale bombani?"

Nilitazama. Nikafuata njia ya baba sawasawa. Ukubwa: amemzidi shomoro kidogo. Mweusi na mweupe. Mkia mrefu.

"Inyamanza," nikasema. Na kwa kuwa nilitaka kumkomesha, nikaongeza, "Tena anatikisa mukia. We unafikiri mama yako ni kipofu?"

Hakucheka. Alishuka ngazi, akavuka ua, akamshika yule ndege kwa vidole viwili, akaniletea. Ilikuwa soksi yake ya mazoezi, ya mistari myeusi na myeupe, bado mbichi. Upepo ndio uliokuwa ukiitikisa.

"Mama, ni soseti. Mi ndiyo nimeiweka."

Nilimtukana. Sitayaandika niliyosema. Nilimuuliza amejifunza wapi kumtegea mama yake mtego kama panya, akaniacha nimalize, machozi yanamtoka.

"Ni karibu miezi miwili ukitaja ndege wako asubuhi naitika 'ndiyo, mama'," akasema. "Unataja njiwa, njiwa hayuko. Unataja shomoro kwa sababu unajua anapendaga kukaa wapi. Na leo kwenye mupapai hakuna kitu. Ukutani kulikuwa mumoja. Mi naogopa, mama. Sasa apana. Sitaitika tena."

Nikakaa pale pale kwenye ngazi. Hofu niliyoikimbia miaka yote hiyo ilinikuta nimeshika soksi mbichi. Nililoogopa zaidi halikuwa hata giza. Lilikuwa ule mkia. Nilikuwa nimeuona ukitikisika, na ningeliapa.

Nikamwambia, "Niletee mutandio, twende."

Daktari alinimulika, akanipulizia hewa kwenye jicho, akaeleza. Jicho la kulia limekwenda sehemu kubwa. La kushoto limeguswa. Akanipa matone ya kutia kila siku bila kuruka, maisha yangu yote, akasema kazi yetu sasa ni kulinda kilichobaki. Hakuahidi kitu.

Siku hizi kipimo kimebadilika. Binti yangu akishanitia matone nasimama mlangoni, naangalia bombani, na nikiona kitu nasema kama kilivyo: kitu cheusi na cheupe, sijui ni nini. Neno hilo, "sijui", lilinichukua wiki nzima kulitoa mdomoni. Kisha namsogelea polepole nikihesabu hatua, mpaka nimwone mkia na jicho na nyushi zake nyeupe. Inyamanza si mwoga wa watu, hunisubiri. Tangu nianze dawa, hatua ni sita, hazijaongezeka.

Leo asubuhi nilifika ya sita na bado alikuwa kitu. Nikasimama. Labda ni ukungu wa ziwani, labda sikulala vizuri. Sababu zilinijia mbio, zote ninazifahamu. Nikapiga ya saba. Bado. Ya nane, ndipo nikamwona, mkia unapanda na kushuka, akaruka kuelekea kwa jirani.

Nyuma yangu mlangoni binti yangu akauliza, "Ngapi?"

Sita lilikuwa neno jepesi sana, lilikuwa limeshafika ulimini.

"Nane," nikamwambia.