Sijali na Dawa ya Josho

Juzi nilikuwa gulioni Mhunze na mjukuu wangu, muuzaji mmoja akafungua chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Harufu ikanipanda puani, na hapo hapo nikamkumbuka Sijali, paka wetu.

Nilikuwa na miaka minane, miaka ya sabini. Viroboto walikuwa wametuvamia, na bibi, ambaye mimi na Sijali tulilala kitandani kwake, alikuwa amejikuna hadi akachoka. Akatoa hukumu: wasipoisha kabla ya siku ya gulio, paka atapewa watu wa mbali. Nililia sana. Sikuwa na rafiki mwingine.

Basi nikatumia akili. Kila wiki baba aliswaga ng'ombe hadi joshoni. Walitumbukia na kupe, wakatoka bila kupe. Kiroboto ni nini mbele ya kupe? Baba alikuwa na kopo la dawa ile, ya kupaka masikio ya ndama. Nikachovya mkono, nikampaka Sijali shingoni hadi mkiani, tena bila uchoyo.

Sijali, msafi kuliko sote mle nyumbani, akaketi kujilamba. Haukupita muda akatokwa na mapovu, miguu ikalegea, akaanza kutetemeka. Nikapiga yowe.

“Mayu wane, mama yangu!” Bibi alinusa tu, akaelewa. “Umempaka kwa mikono hiyo?”

Akanikamata, akanisugua kwa sabuni, akarudia tena, huku Sijali akigaragara.

“Bibi, paka anakufa!”

“Nyamaza! Umetia vidole mdomoni?”

Kiangazi kile maji tuliyachota kwa kuchimba mchanga wa mtoni, mbali kweli. Nusu mtungi iliishia mikononi mwangu. Iliyobaki ndiyo iliyomwogesha Sijali, kisha bibi akamfunga ndani ya kanga yake asijilambe, akampakata hadi jioni.

Sijali alipona. Viroboto nao bado walikuwepo, ila habari za kumgawa paka hazikusikika tena. Mimi nilimnunia bibi wiki nzima kwa kumwacha rafiki yangu nusura afe huku yeye akihangaika na vidole vyangu. Hata shikamoo nilimpa shingo upande. Aliitikia marahaba, na kila mara kabla ya kula alininusa mikono. Niliona ananisumbua tu.

Pale gulioni mjukuu wangu alinyoosha mkono, akaigusa ile chupa. Nilimdaka kabla sijajua ninafanya nini, nikamwomba muuzaji maji, nikamsugua mpaka akalia. Kisha nikavinusa vidole vyake, kimoja kimoja.